Risasi Katika Mifupa ya Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimeandika kwa sababu nikisimama mbele yenu sauti hunikauka. Nimemwomba mchungaji anisomee.

Tangu nimalize darasa la nane nilifanya kazi Shimanzi, karibu na bandari, nyuma ya magodauni. Tulivunja betri kuukuu za malori, tukayeyusha risasi yake, ile metali nzito ya kijivu, na kuwauzia wavuvi vile vizito vya kuzamishia mishipi. Dawa yetu ilikuwa maziwa, kila jioni pakiti moja.

"Kunywa, bubu wee!" mwenzangu Kombo alinitania. "Maziwa yaosha sumu yote."

Niliamini. Nilirudi nyumbani na nguo za kazi, nikambeba mdogo wangu Neema, wa miaka mitano. Sufuria yetu ya kuyeyushia ilipotoboka, niliazima ya mama kimya kimya. Niliisugua kwa majivu, nikairudisha jikoni. Humo ndimo mama alimochemshia Neema maziwa niliyomletea yamkinge na ile sumu. Ee Mungu!

Neema alikonda, akalia tumbo, akaacha kukua. Alianguka tu kutoka kitandani, mkono ukavunjika. Baadaye, mguu.

Hospitalini daktari aliona mistari myeupe kwenye picha ya mifupa. Akauliza kama kuna mtu nyumbani anayeshika risasi.

"Hakuna," mama alijibu. Mimi nilikuwa nimemwambia mama kwamba kazini napakia magunia.

Muuguzi akamkazia macho. "Basi mama, sema kweli. Mtoto wampiga na nini?"

"Haki ya Mungu sijamgusa!"

Wakasema ataitwa afisa wa watoto, Neema achukuliwe. Nami nimekaa pale, kucha zangu za kijivu! Ndugu zangu, niliomba moyoni: Bwana, nifungue kinywa. Ndipo nikasema, "Ni mimi ninayeshika risasi," nikaeleza hadi habari ya sufuria.

Damu zetu zilipimwa. Sote tulikuwa na risasi. Daktari alisema mwili huidhania kuwa chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka mfupani, ikakaa miaka. Mama aliitoboa ile sufuria kwa msumari asiiokote mtu.

Niliacha kazi ile. Nilimweleza Kombo yote. Alicheka, akafungua pakiti yake ya maziwa.

Neema bado anachechemea. Sijui mifupa yake itakuwaje. Lakini hakuchukuliwa, yuko na mama yake, na kwa hilo namshukuru Yesu kila asubuhi.

Wewe uliyeketi hapo na jambo linalomuumiza mtu wako, mtegemee Bwana, ulitamke leo. Hata kwa sauti ndogo atakusaidia. Amina.