Jeki ya Ruta ya Watusengon na Hendeli Iliyozungushwa Mno

Mgeni rasmi, Pak Hendrosasmito, Mwenyekiti wa Mfuko wa Mafundi Tirta Wana, wazee wetu, majirani mliokuja kwa ajili ya hotuba na ninyi mliokuja kwa ajili ya chakula:

UKARIBISHO

Sisi wanaushirika wa mbao wa Watusengon, hapa Jepara, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Risala hii ilikuwa isomwe na msimamizi wetu, Pak Tukiyat. Asubuhi ya leo ametuarifu kwamba sauti imempotea. Ametuarifu kwa sauti kubwa, kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo inasomwa na mimi katibu, Setyorini, kwa niaba ya wote, naye yumo.

HISTORIA

Mgeni rasmi, tuko ishirini na wawili. Tunatengeneza fremu za milango na madirisha kwa mbao za mtiki. Zamani ruta yetu, ile mashine ya kuchimbia mifereji, tuliishika mikononi na kuipitisha juu ya mbao. Mifereji ilikwenda ilikotaka yenyewe. Shule ya msingi ilipotuagiza fremu arobaini za madirisha, tulipeleka mbili za mfano, na vioo vikakataa kuingia. Mwalimu mkuu akatuuliza kama tumepima kwa rula au kwa imani.

Ndipo mwaka jana ukatuletea meza yenye jeki. Ruta inafungwa chini ya meza kichwa juu, kisu chake kinachomoza kwenye tundu, na mbao ndiyo inayosukumwa. Ukitaka mfereji wa kina, unachomeka hendeli juu ya meza, unazungusha, jeki inapandisha ruta. Ukishapata kipimo unakaza komeo ili isishuke. Ukitaka kuzungusha tena, unalegeza komeo kwanza.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, uliikamata hendeli wewe mwenyewe kwa ajili ya picha. Komeo lilikuwa limekazwa. Pak Tukiyat alikunong'oneza, "Pak, samahani, kuna kitu hapo pembeni..." Ukamjibu, "Nimeshika, nimeshika." Mpiga picha akasema, "Tena kidogo, Pak! Na tabasamu!" Ukazungusha tena kidogo. Hendeli ikawa nzito, ukatumia mikono miwili. Ndani ya meza pakalia *kra!*

Ukauliza, "Ni nini hicho?"

Pak Tukiyat akasema, "Ni mashine inashukuru, Pak."

Sote tukapiga makofi.

MAFANIKIO

Katika taarifa zetu nane tulizokutumia tangu siku hiyo, tuliandika kwamba mashine inafanya kazi vizuri sana. Leo tunaomba kufafanua. Meza ndiyo iliyofanya kazi vizuri sana. Ni bapa, haiyumbi, na haipati doa la chai. Tumekunjia juu yake sare za watoto, tumekatia tempe, kile kitoweo cha soya, ya mkutano mkuu, na mwezi wa Saba ilitumika kupigia kura. Jeki yenyewe haikupanda wala kushuka.

Kisha ikaja barua yako kwamba utatutembelea kuiona ikifanya kazi, na ukiridhika utazindua ya pili siku hiyo hiyo. Shule nayo ikatuma ujumbe kwamba fremu zisipofika kabla ya mvua, kazi inakwenda kwa watu wa aluminiamu. Hapo usingizi ukatuishia.

Pak Tukiyat alijitolea. Aliinua ruta kwa kabari, akaifunga kwa mpira wa tairi la pikipiki, akawasha. Mkewe, Bu Kasmirah, alikuwa kwenye kona yake akipiga msasa, kazi anayoifanya hapa kwa miaka kumi na saba. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Ratih, unaipeleka mbao upande ule ule kisu kinakozungukia. Kitaipora."

"Mama Ratih, wewe endelea na msasa."

Kisu kikaipora. Mbao ikatoka dirishani, ikavuka uchochoro, ikatua ndani ya sufuria ya supu ya soto ya Bu Painten, jirani yetu. Tukamsikia akipiga kelele: "Nani ameagiza ya mbao? Mimi nauza ya kuku!"

Tunashukuru hakuna aliyeumia. Bu Painten yuko hapa, amesamehe, na ndiye aliyepika leo.

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, ilitokea hivi. Kila Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini na mashine zote zikanyamaza, Bu Kasmirah alichomoa waya wa umeme, akaingia chini ya meza. Ijumaa ya kwanza aliitoa ruta. Ya pili akaikuta nati ya shaba inayobeba jeki: meno yake yote yamekatika. Akaifunga kwenye kitambaa, akapanda pikipiki hadi kwa fundi wa mashine za boti, akamwambia, "Nichongee nyingine kama hii, lakini yenye meno." Ijumaa ya tatu akaifunga. Pak Tukiyat aliporudi kutoka msikitini aliona miguu miwili tu imetokeza chini ya meza. Akaijua kwa kandambili.

"Unafanya nini huko?"

"Natafuta sindano. Nipe spana namba kumi na tatu."

Akampa.

Ikabaki kusawazisha lile bamba linalobeba jeki, lilingane na uso wa meza. Lina skrubu nne kwenye pembe. Pak Tukiyat akalaza rula ya chuma juu yake, akainama, akaona mwanga haupiti. Akasema, "Limekaa sawa." Bu Kasmirah akafumba macho, akapitisha kiganja mara moja. "Pembe hii imezidi. Unene wa karatasi ya sigara." Wanaume wakacheka. Pak Tukiyat akatoa karatasi ya sigara, akaisukuma juu ya meza kuelekea kwenye ile pembe. Ikakwama. Bu Kasmirah akalegeza skrubu robo mzunguko, akapitisha kiganja, akasema, "Haya, sasa."

Kisha akatufundisha kitu ambacho hata kitabu cha mashine hakikukieleza vizuri. Nati yoyote ina ulegevu kidogo, kwa hiyo kipimo kipatikane wakati wa kupanda, si wakati wa kushuka. Ukipitiliza, shusha kisu mpaka chini kabisa ya alama, ndipo ukipandishe tena polepole. Kaza komeo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Mbao isukumwe kutoka kulia kwenda kushoto, ikutane na kisu uso kwa uso. Na komeo akalipaka rangi ya kucha ya bintiye, nyekundu, ili mtu asiseme hakuliona.

Fremu arobaini zilifika shuleni siku tisa kabla ya mvua. Mwalimu mkuu alichukua kioo mwenyewe, akakiingiza, kikateleza mpaka mwisho. Akakitoa, akakiingiza tena. Tulimwacha acheze.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ilikuwa kuandika sehemu ya historia. Rasimu ya kwanza ilisema jeki "ilipata hitilafu". Ya pili ilisema iliharibiwa na unyevunyevu. Bu Kasmirah akasema kikaoni, "Mwandikieni ukweli. Mtu akiambiwa aliyevunja ni unyevunyevu, atavunja na ya pili." Pak Tukiyat akakohoa, na nadhani ndipo sauti ilipoanza kumpotea.

Ya pili: wateja wakija na swali gumu hupelekwa kwa msimamizi. Msimamizi husema, "Ngojeni nikaangalie chai," huenda nyuma kwa mkewe, hurudi na jibu. Chai haiji. Wateja wameanza kulalamika.

Ya tatu ni nzito kidogo. Siku uliyozindua meza yetu ulizindua pia katika vijiji vingine vinne. Tumewapigia simu. Wote wanasema mashine zao zinafanya kazi vizuri sana. Tulipowauliza kazi gani, wawili walisema kupigia pasi.

MAOMBI

Tuna mambo mawili tu.

Kwanza, meza ya pili utakapoizindua mchana huu, ukate utepe. Hendeli, tafadhali, iwe baada ya kupewa ruhusa na mwenye zamu.

Pili, mgeni rasmi, Mfuko wako unatafuta fundi wa kuzunguka vijijini kufunga na kurekebisha jeki hizi. Fomu inataka msimamizi wa karakana mwenye cheti cha sekondari. Pak Tukiyat anavyo vyote viwili. Alijaza jina lake, akakaa nalo siku mbili, akalifuta kwa wembe, akaandika la mkewe. Kwenye elimu ameandika darasa la nne, maana ndipo alipoishia. Kwenye sababu ameandika, "Mimi huwa nampa spana." Fomu hiyo iko chini ya sahani yako ya vitafunio. Inahitaji sahihi ya mtu anayeweza kulegeza masharti mawili.

Yule aliyesimama mlangoni na sinia la chai, mwenye kitambaa cha kijani, ndiye Bu Kasmirah. Hajui kwamba tumeandika sehemu hii. Tulimwambia risala inaishia kwenye changamoto. Sasa amejua. Tunaomba aliye karibu naye ampokee lile sinia, na wawili wazibe mlango. Pak Tukiyat, kama sauti imerudi, mwambie mama asiondoke.

Mgeni rasmi, Mola akujaalie afya na safari njema ya kurudi, aibariki familia yako, na aubariki mkono wako wa kulia, ambao tunauangalia sote hivi sasa.

Ni sisi wanaushirika wa mbao wa Watusengon, mafundi na wapiga msasa.