Dawa Niliyoiita Sumu

Bababa na bamama, munisamehe nikisimama hapa chini, pamoja na ninyi. Kule mbele nilisimama miaka mingi nikiongoza maombi ya bamama, na ninyi mulikuwa munaniitikia Amina. Leo kule sifai. Muchungaji amenipa ruhusa niseme mbele ya Pasaka kufika, na mi nitasema yote. Majina ya bantu sitataja. Ya kwangu munaijua.

Nilizaa batoto batano, Mungu akaniachia mumoja, mwanaume. Alikulia hapa kwetu Lubondja, akaoa binti wa Swima, kisha akaenda kuchimba zahabu Lulimba. Akipata ruhusa alikuwa anarudi nyumbani, na kila akirudi alijenga kidogo nyumba yangu. Nyumba ya mabati, bandugu! Kwetu mama kulala chini ya mabati si jambo ndogo. Nilijivuna, sitaficha.

Bibi yake, yule binti wa Swima, alikuwa muntu wa maneno kidogo. Alfajiri iko mutoni, kisha iko kwa shamba ya muhogo, kisha iko kwa kinu. Ukimusemesha, anajibu neno moja. Mi nikasema: huyu anatuzarau. Tulikaa kiwanja kimoja miaka mine, na ile wazo haikutoka mu kichwa changu.

Mwaka moja mutoto wangu akarudi amekonda. Nikamuuliza, akasema, "Mama, ni kazi tu." Lakini hakurudi tena Lulimba. Asubuhi moja niliingia kwao kufagia, nikaona chini ya kitanda nyungu kidogo, imefunikwa na jani ya mugomba. Ndani, majani meusi yamechemuka, harufu kali. Nikamuita yule binti.

"Hii ni nini?"

"Ni dawa, Mama."

"Dawa ya nani?"

Akaifunika tena na ile jani. Mutoto wangu akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mama, iache tu." Nikaiacha. Lakini moyo haukuiacha.

Majuma mbili yakapita, akafa, kichwa chake juu ya magoti ya bibi yake. Siku ya kilio, bantu bamejaa kiwanja, mi nilienda kuchukua ile nyungu nikaiweka katikati. Nikasema, "Angalieni sumu iliyomumaliza mutoto wangu."

Yule binti alisimama. Siku ile alisema maneno mingi kuliko miaka yote mine. "Mama, ni dawa ya kifua. Muulize mwenzake wa kazi kule Lulimba, yeye njo alimuonyesha majani."

Bandugu zangu, Lulimba haiko mwisho wa dunia. Kamio za mizigo zinapita, bantu banakwenda na kurudi. Ningemutuma muntu. Ningengoja majibu. Sikungoja. Nawaambia kweli: sikutaka kujua. Uchungu wangu ulikuwa unatafuta pa kuanguka, na yeye alikuwa karibu.

Tulimufukuza siku ileile. Alifunga vitu vyake mu kikwembe kimoja, akashika njia, na mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyemushikia muzigo. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama kule mbele, nikamushukuru Bwana kwa kutuokoa na mikono ya balozi, ya bachawi. Mukasema Amina. Sibalaumu ninyi. Ni mi nilibaongoza vibaya.

Mwaka ukapita. Pasaka ikakaribia, nikabafundisha bamama habari ya Maria kule bustanini, alivyomuona Bwana akafikiri ni mutunza bustani. Tulicheka kidogo. Mi nikasema, "Munaona? Machozi yakijaa macho, hata Bwana haonekani." Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na sikujisikia.

Juma ileile akafika muntu kwangu, kijana wa Lulimba, ana vumbi mpaka magotini. "Mama," akasema, "nimekuja kulia na ninyi. Kazi ilinifunga, nimechelewa." Nikamupa kiti na maji. Akauliza, "Na bibi yake iko wapi? Nilimuletea chumvi."

"Yule mulozi tulimufukuza."

Akaweka kikombe chini. "Mulozi? Mama, mutoto wako alikuwa anatema damu mwaka muzima. Alikataa kwenda kwa munganga wa kompani, juu bangemurudisha nyumbani mbele ya kumaliza mabati yako. Alimuapisha bibi yake: mama asijue. Ile majani ni mi nilimupa. Baba yangu aliyakunywa akapona. Yeye hakuwa na bahati."

Nilitoka inje. Nikaangalia nyumba yangu, nikashindwa kuingia ndani yake. Nililala kwa jirani siku tatu.

Nikaenda kwa muchungaji, nikamwambia sitakula Meza ya Bwana. Nilifikiri atanibembeleza. Akasema, "Mama, mbona unalia kwangu? Mi haukunikosea. Enda Swima. Ukirudi tutaomba."

Nilikwenda na bamama babili. Tulilala Baraka, kesho yake tukafuata ziwa mpaka Swima. Baba yake alikuwa anageuza samaki wa ndagala kwa jua. Aliponijua akasema, "Mama wa Lubondja, umekuja kuchukua nini tena? Ulibakisha nini?" Hakunipa kiti, na alikuwa na haki. Nikakaa kwa muchanga.

Binti akarudi kutoka ziwani na ndoo ya maji. Nikapiga magoti. Ndiyo, mi mukubwa, mbele ya mutoto. "Mutoto wangu, nilikukosea. Ile nyungu ilikuwa dawa."

"Mi nilijua, Mama."

Akatua ndoo. Akasema, "Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilitaka kukuambia kilio kikiisha. Nilipofika hapa, siku ya tatu ikatoka. Alikuwa mwanaume."

Bandugu... ngojeni kidogo.

Nikamuuliza, "Mbona haukusema siku ile?"

"Mama, ulikuwa unaniangalia, lakini haukuwa unaniona. Ningemwambia nani?"

Nililia, na aliniacha nilie. Hakunishika mukono. Kisha mama yake akatoka na bugali na samaki, na yule binti mwenyewe akaninawisha mikono. Akasema, "Nimekusamehe. Nilisamehe zamani, juu sikuweza kulala na kile kitu ndani yangu. Lakini kurudi Lubondja, hapana."

Sikumusihi. Ningemusihi kwa neno gani?

Namushukuru yule kijana wa Lulimba aliyetembea njia ndefu juu ya chumvi ya rafiki. Namushukuru muchungaji aliyenifungia mulango ili nitafute mulango wa kweli. Nabashukuru bale bamama babili, balikaa na mi kwa muchanga. Namushukuru yule mama wa Swima. Mi kama ningekuwa yeye, sijui kama ningepika.

Mafundisho yangu ni kidogo. Mi nilikuwa na imani ya kinywa. Macho yangu yalibakia ya zamani, na muntu wa macho ya zamani akikutana na upendo anauita ulozi. Pasaka hii, mbele ya kumutazama Bwana kule kaburini, mutazame kwanza muntu wa kiwanja chako. Muulize. Ngoja majibu.

Na sasa naomba kitu kimoja. Siombi munifariji. Kuna bantu hapa balitoka kwenye kile kilio, bakapeleka neno langu Fizi, Baraka, hata soko za mbali. Mpaka leo kuna bamama bakiona yule binti banaficha batoto babo. Mukitoka hapa, kila mumoja aende kwa muntu aliyemupa lile neno, amwambie: yule mama wa Lubondja amesema mwenyewe, mbele ya kanisa, kwamba alisema uongo.