Daftari la Wakulima Lisikatikie Tindiga

Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ubinafsishaji wa Shirika letu. Viongozi mlioko meza kuu. Wazee wetu, shikamooni.

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa chumba cha kompyuta, Kilosa, tunakupokea kwa moyo mweupe. Viatu umevivua mlangoni bila kuambiwa. Wapo wakubwa walioingia na vumbi lao, hatujawasahau.

TULIKOTOKA
Mashine hii ililetwa mwaka 1978. Daftari la wakulima wote limo kwenye tepu, ukanda wa sumaku unaozungushwa, vijiji vikifuatana kwa alfabeti. Tepu haina njia ya mkato: ukimtaka mtu wa Zombo, utawapitia kwanza wa Kimamba, wa Tindiga na wa Ulaya, kijiji chetu, si ng'ambo. Na tepu hujaa. Kufikia 1986 daftari lilikuwa na tepu tano. Mwenzetu mmoja, kwa haraka zake, akapachika nne, ya mwisho ikabaki kabatini.

Mzee Hezekia akaja kwa baiskeli toka Zombo kufuata mbegu, akaambiwa hayumo. Akasema, "Mwanangu, nimesimama mbele yako, halafu unaniambia sipo?"

Siku ile tulicheka. Leo tunaona haya.

TUNAYOJIVUNIA
Aliyetutoa aibu ni Bibi Letisia Mwinshehe, aliyeanza kazi kwa kutoboa kadi za kuingizia majina mashineni. Alisoma vitabu vya mashine na kamusi pembeni, akagundua kwamba kila rekodi, yaani taarifa za mkulima mmoja, ikiandikwa peke yake huacha nafasi tupu nyuma yake. Akazifunga ishirini ishirini, fungu moja. Tepu tano zikawa mbili! Kisha akaiagiza mashine ihesabu watu, na hesabu isipotimia, igome kuchapa. Tangu hapo hajapotea mtu. Chuo gani kingetupa mtu kama huyu?

KINACHOTUUMA
Shamba la Shirika litagawiwa wakulima kabla ya mengine kuuzwa, na atakayepata ni aliyemo daftarini tu. Mtaalamu aliyeletwa na mnunuzi wa Shirika alihamishia daftari kwenye kompyuta yake ya mezani. Diski ikajaa alipofikia majina ya Tindiga. Akachapa hivyo hivyo, akatangaza kazi imekwisha.

Bibi Letisia akamuuliza, "Ulaya na Zombo wamehamia wapi?"

Akajibu kwamba orodha ni ndefu mno, ipunguzwe. Mgeni Rasmi, anachotaka kupunguza ni kaya elfu moja mia tisa na kumi na mbili.

OMBI LETU
Soko huria limeshaingia, na hatuombi mashine ibaki. Tunaomba isizimwe kabla daftari zima halijachapwa, na kunakiliwa kwenye diski vipande vipande, kila kipande kikitaja kinachokifuata.

Leo tumepachika tepu zote mbili. Kiti chako tumekiweka karibu na printa. Hiyo karatasi uliyoletewa na mtaalamu, inayoishia Tindiga, tafadhali usiitie sahihi. Keti nasi, Mwenyekiti, chai ipo, mpaka mashine isimame yenyewe. Ndipo utie sahihi chini ya jina la mwisho.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, na akupe subira ya kuwafikia wa Zombo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kompyuta, Kilosa.
Imesomwa kwa niaba yao na Wenceslaus, mpachika tepu.