Mifupa ya Ng'ombe na Maji ya Luhaga

Ndugu waombolezaji, Paschal Luhaga tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kitongoji hiki cha Ng'wabuki, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha akaenda Maswa, akawa fundi wa mashine kwenye kinu cha pamba, na fundi alikuwa kweli, ila kwa ubishi, jamani, hakuwa na mpinzani.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Nyanjige, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Milembe, aliyezaliwa mwaka 1986.

Mwaka 1989 kilichimbwa kisima kirefu hapa, yeye, akiwa amesharudi kutoka Maswa, akakabidhiwa pampu, na alipoyaona maji yale yalivyo meupe kuliko tope la lambo, akapiga marufuku lambo, akalizungushia miiba kwa mikono yake, na waliomtii kuliko wote walikuwa watu wa nyumbani kwake, huku majirani wakaidi wakiendelea kuchota lamboni kwa kuiba. Miguu ya Milembe ilipoanza kupinda, Luhaga, Mungu amsamehe, alimnyooshea kidole mkewe, akisema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wake, na Nyanjige aliumeza uchungu huo miaka mingi.

Agosti 2016 walikuja wapima maji, wakakuta kisima kimejaa madini ya floridi, wakasema ndiyo yanayopinda mifupa ya watoto, na vijana wa wale wakaidi walikuwepo palepale, miguu imenyooka. Tangu siku ile, Milembe akipita, mbishi wetu alikuwa anainamisha macho.

Alijifunza kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, akajenga matangi, na mwaka 2022 akapata bajaji ya umeme inayochajiwa kwa sola, akawa anazunguka nayo kwenye harusi na misiba akiomba mifupa, watu wakamcheka, wengine wakanong'ona kuwa ni uchawi, mpaka Milembe alipoyanywa maji yale yaliyochujwa mbele ya wote. Kumbe mwenyewe aliendelea kunywa ya kisima kwa siri, akijihukumu.

Mgongo ulikakamaa, figo zikachoka, na tarehe 2 Februari 2025 alilazwa Bariadi, Milembe na mama yake wakampelekea maji yaliyochujwa, akayakataa, akalia mbele ya wote wawili akiomba msamaha, ndipo Nyanjige akamwambia kuwa yeye na ukoo wake walishamsamehe zamani, anywe, aache ubishi. Alikunywa kikombe chote. Alfajiri ya tarehe 9 alituaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa kinu, na majirani wote, pamoja na nyie mliovunja ua wake wa miiba, kwani watoto wenu walipona. Na jambo moja, tafadhali, mifupa ya ng'ombe wa msiba huu msiwatupie mbwa, bajaji iko pale langoni, Milembe ataiendesha.

Pumzika, Baba Milembe, zamu ya kuokota mifupa sasa ni yetu.