Mama Marimba na Ubao wa Tano

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala, na familia imenituma nisome ingawa inajua mdomo wangu hauna breki.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Marimba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mama fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi baba, na mama alituambia alianza kutikisa kichwa kwa mlio wa cherehani kabla hajaota jino.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1978, na tarehe 8 Januari 1979 akaripoti katika chekechea iliyo nyuma ya soko, ambayo hakuiacha tena. Mwaka huohuo aliniomba nimtengenezee marimba ya mbao saba, nami, nikiwa ndio kwanza najifunza kazi, nikauranda vibaya ubao wa tano, ukatoa sauti ya chura aliyekanyagwa. Nilitaka kuubadilisha, akakataa katakata, kwa sababu watoto waliusikia wakacheka, na alisema mtoto anayecheka pale sikio lake limeamka, na sikio likiamka, maneno na hesabu hupata pa kuingilia.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1981 na dereva wa lori, mtu mkimya kuliko matairi yake, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote walijifunza kufunga kamba za viatu kwa wimbo, na hata leo ukimwona mmoja wao ameinama, mtazame midomo.

Mwaka 1994 kamati ya shule iliamua kufuta kipindi cha muziki, kwa kuwa wazazi walilalamika kwamba watoto wanaimba tu. Dada alipinga mbele ya kikao, mwenyekiti akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, naye kesho yake akapiga marimba kama kawaida, mlango wazi. Wiki hiyo aligundua kwamba binti mmoja wa miaka minne, aliyeitwa mkaidi na kukalishwa nyuma, hacheki kabisa ubao wa tano ukipigwa, akakiweka kiganja cha binti juu ya ubao, akaupiga, binti akatekenywa na mtikisiko, akacheka. Dada akaongozana na mama wa binti hadi hospitali, ikathibitika mtoto hasikii vizuri, akapatiwa kifaa cha sikio, kamati ikakaa upya, kipindi kikabaki.

Alistaafu Machi 2013, kwenye karatasi tu, maana asubuhi iliyofuata alikuwa darasani. Agosti 2024 aliugua koo, sauti ikakatika, akafundisha kwa makofi na macho, hadi alipofariki hospitalini Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Inaniuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliovumilia mazoezi yake miaka yote hiyo.

Nimesikia minong'ono hapo nje kwamba mwenye kipindi ameondoka na kipindi chake. Hapana. Jumatatu saa mbili asubuhi yule binti, ambaye sasa ni mwalimu na ameketi hapa mbele, atapiga marimba yaleyale. Jana nimekaza mbao sita, wa tano sijaugusa.

Pumzika kwa amani, dada, watoto watacheka.