Simu ya Nyumba ya Jibini

Tarehe 30 Juni 2025 Papa Esdras Nzabandora anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kugeuza jibini katika kiwanda chetu kidogo cha Burungu. Aliingia akibeba ndoo za maziwa. Anatoka akiwa mtu ambaye ukungu wa asubuhi ulizoea kumsindikiza hadi mlangoni, ukamwacha hapo.

Jibini changa hugeuzwa kila siku, la sivyo upande wa chini hulowa na kuoza. Papa Esdras huigeuza kama mtu anayemlaza mtoto upande wa pili bila kumwamsha. Vita vilipotuhamisha sote, yeye ndiye aliyerudi wa kwanza. Ng'ombe hawakuwapo, maziwa hayakuwapo. Alipangusa mbao tupu na kuzigeuza kila asubuhi, miezi minne, mpaka maziwa yakarudi.

Januari mwaka huu chumba cha jibini kiliwekewa kufuli la umeme, na amri ikatoka: kila mfanyakazi afungue kwa simu yake mwenyewe. Sasa, nyumbani kwa Papa Esdras simu ya kupapasa ni moja tu. Jioni ni ya wajukuu, Jumapili ni ya kwaya, na kila Ijumaa Mama Emérita, mkewe, huondoka nayo alfajiri kwenda kuuza maharage sokoni Bihambwe.

Ijumaa ya kwanza mlango haukumjua. Kumfungulia mwenzako kulikatazwa. Mkurugenzi wetu, Papa Sylvain, alisema wazi kwamba anayekosa zamu tatu anafutwa kazi. Kwa Papa Esdras ilikuwa imebaki miezi mitano tu astaafu.

Faustin, mwenzake wa zamu, akamtania: «Papa Esdras, basi Mama Emérita njo atakuya kugeuza fromaji?»

«Telefone haiko yangu, iko ya nyumba,» akajibu. «Hii nyumba ya fromaji nayo itafute yake.»

Ijumaa ya tatu alikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa, sikio ukutani, macho yamefumbwa. Ndani, Faustin alikuwa akigeuza peke yake. Mara Papa Esdras akaita: «Kaka, ubao ya saba umeiruka!»

Papa Sylvain alikuwa amefika na barua ya kumwondoa. Alifungua kwa simu yake, akaingia kuhakikisha. Jibini za ubao wa saba zilikuwa zimelala vilevile tangu jana. Akatoka, barua akaikunja na kuitia mfukoni.

Jumatatu tulikuta simu ya kiwanda inaning'inia kwenye msumari, katika kibanda cha mlinzi. Tangu hapo unaandika jina, unaichukua, unafungua, unairudisha. Simu zetu zimebaki za nyumba zetu.

Papa Esdras, asante kwa asubuhi zote hizo. Usingizi wako wa alfajiri sasa uwe mrefu, na maharage ya Mama Emérita yasikose mvua. Lakini Ijumaa ukikaa barazani na kuhisi kwamba kuna ubao tumeuruka, shuka tu. Msumari tumeupigilia chini kidogo, pale mkono wako unapofika.