Kishikwambi Kilichoshonewa Mfuko

Basi la kutoka uwanja wa ndege lilikuwa halijashika barabara kuu, na mshona nguo aliyeketi mbele yangu alikwisha kummwagia fundi bomba, jirani yake wa dakika tano, mambo yake yote.

"Kaka, mdogo wangu yuko nyumbani na mkasi mkononi. Bi harusi anavaa alasiri hii! Nimemkataza kukata kola mpaka nimwelekeze kwenye kishikwambi."

"Si umenunua laini ya huku? Iweke."

"Kishikwambi nimekishonea mfuko wa kubana, kioo tu ndicho kiko nje. Tundu la laini limebaki ndani."

"Fumua!"

"Kwa kucha? Mkasi wangu wameuchukua wakaguzi."

"Meno unayo."

"Mshono wangu hauliwi na meno!"

"Fundi gani anashona asichoweza kufumua?"

"Fundi anayejua kazi!"

Niliutazama ule uzi. Ungeweza kufunga ng'ombe.

Walibishana vituo viwili, ndipo fundi bomba akajipiga paji la uso. "Simu yangu si ina intaneti? Ngoja nikugawie."

Kioo kikawaka. Mdogo mtu akatokea, mkasi umeachama.

"Usikate! Geuza kitambaa! Shusha, shusha kidogo!" Abiria wote tukainama kidogo.

Basi likasimama.

"Dada, mimi nashuka hapa."

"Nami nashuka."

"Si ulisema unakwenda mwisho wa njia?"

Mshona nguo alikwisha kunyakua sanduku, kishikwambi juu kama taa. "Tembea polepole, kaka, usinikimbie na mtandao! Wewe mtoto, nimesema usikate!"